Wadau wa muvi za zamani za Kihindi: hii sauti moja inayotoka kwa midomo ya maekta tofauti ni ya nani?

JamaaWaKondele:

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie maana nimetafuta YouTube mpaka bando ikaisha na bado sielewi. Niko na kibanda cha simu hapa Kondele, sasa kuna mzee mmoja Mhindi, mtu wa Kisumu hii hii kuzaliwa na kukulia, Kijaluo chake kinashinda changu mbali (mimi ni wa Mumias), huwa anakuja nimwekee nyimbo za zamani kwa memori kadi. Wiki hii kazi ilikuwa chini nikasema wacha niangalie zile video zenyewe nione ni nini hufanya mzee afumbe macho hivyo.

Ya kwanza kuna jamaa anajirusha kwa theluji akipiga nduru "Yahoo!", kichwa kinaenda huku miguu kule. Ya pili ni jamaa mwingine kabisa, sura ya huzuni, amesimama mlangoni mwa ukumbi umejaa watu, mikono ameitandaza, anaimba ni kama dunia nzima imemkosea. Ya tatu mchekeshaji anazunguka mtaani akiuza kazi ya kukanda watu kichwa na mafuta. Ya nne ni kijana anaimba kawali (zile nyimbo za makofi na kuitikiana za Waislamu wa India) anamsumbua msichana aliyejifunika buibui avue uso. Sura nne. Lakini masikio yangu yanakataa, yanasema sauti ni moja. Na kitu inanichanganya zaidi ni venye kila sauti inakaa na mwenye sura, huwezi sema ni ya kuazima.

Kwanza, hawa maekta ndio wanaimba ama? Kama si wao, ni nani? Na huyo mtu alikuwa analipwa aje, kwa sababu kama ako kwa kila muvi si basi alikufa bilionea? Mzee nikimuuliza anasema tu "Rafi saab" halafu anaanza kuimba, sipati stori.

FundiRedio_Nax:

Mzee amekujibu sawa kabisa, wewe ndio hukumsikia. Huyo ni Mohammed Rafi, zote nne. Karibu kwa huu ugonjwa.

Maekta hawaimbi. Kwa hizo muvi wimbo unarekodiwa studio kwanza, mwimbaji pamoja na wapiga ala, halafu siku ya kupiga picha rekodi inachezwa kwa spika kubwa, ekta anafungua mdomo kuifuata na kamera inachukua. Hata kama ekta hawezi kuimba wimbo wa taifa mpaka mwisho, hakuna shida, sauti yake haiingii mahali.

Haikuanza hivyo lakini. Muvi ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya 1931, ilikuwa na nyimbo saba, na waliozipiga picha ndio walioziimba, hapo hapo mbele ya kamera, wapiga ala wamefichwa nyuma ya mti ama hatua mbili nje ya picha. Sasa fikiria unatafuta mtu mmoja mwenye sura, anajua kuigiza, anajua kuimba na haogopi kamera, utampata wapi, ndio maana watu kama K. L. Saigal na Noor Jehan walikuwa wafalme, walikuwa na vyote. Mwaka 1935 studio ya New Theatres kule Calcutta ikaanza kurekodi wimbo kando, kwa muvi inaitwa Dhoop Chhaon na pacha wake wa Kibengali Bhagya Chakra, na kutoka hapo sura na sauti zikaachana. Shida ni kwamba kampuni hazikuwa na haraka ya kuambia watu nani anaimba. Lebo ya santuri ilikuwa inaandikwa jina la mhusika wa ndani ya hadithi. Mwimbaji Lata Mangeshkar alipoimba wimbo wa muvi ya Mahal mwaka 1949, santuri ikaandikwa Kamini, ambaye hayuko, ni mtu wa kutungwa, na wasikilizaji wakasumbua redio ya India na barua na simu mpaka jina la mwenye sauti likatolewa.

Rafi mwenyewe alizaliwa 24 Desemba 1924 kijiji kinaitwa Kotla Sultan Singh, karibu na Amritsar, Punjab. Kalasinga wengi wa hapa Nakuru na huko kwenu mababu zao walitoka upande huo huo, ndio maana ukiingia gereji zile za zamani hukosi kumsikia. Kuna fakiri alikuwa anapita akiimba, kijana anamfuata nyuma akimuiga, hiyo ndiyo ilikuwa nasari yake. Familia ikahamia Lahore, baba akafungua kinyozi. Akafundishwa uimbaji wa kikale na walimu kama Ustad Abdul Wahid Khan na Pandit Jiwan Lal Mattoo, kwa hivyo huyu si mtu wa kipaji tupu, alikalia shule.

Halafu kuna hii, naipenda sana. Ako na kama miaka 13, kuna tamasha Lahore la huyo huyo Saigal, stima ikapotea. Saigal akakataa kuimba bila maikrofoni, umati ukaanza fujo, ndio kijana akasukumwa mbele awatulize. Akaimba bila spika wala nini na watu wakanyamaza. Hapa kwetu stima ikipotea mimi napata tu hasara ya waya kuungua, mwenzangu alitoka na kazi.

Wimbo wake wa kwanza wa muvi ulikuwa wa Kipunjabi, muvi ya Gul Baloch, mtunzi wa muziki Shyam Sunder. 1944 akaenda Bombay na Hameed, rafiki ya kaka yake, ambaye ndiye alibembeleza nyumbani wamwachilie. Wakakodi chumba futi kumi kwa kumi mtaa wa Bhendi Bazaar, yaani singo. Kutoka hapo ni kuzunguka ofisi za maprodusa. Mwaka 1947 akaimba na Noor Jehan kwa Jugnu, na mwaka huo huo nchi ikapasuliwa, Noor Jehan akaenda Pakistan, Rafi akabaki. Mke wake wa kwanza alikuwa amepoteza wazazi kwa zile fujo za kugawanyika na akakataa kuishi India, ndoa ikaishia hapo. Gandhi alipouawa Januari 1948 Rafi na wenzake wakatoa haraka wimbo wa kusimulia maisha yake, waziri mkuu Nehru akamuita nyumbani amuimbie, na siku ya uhuru mwaka huo akampa nishani ya fedha. Alikuwa na miaka 23 tu.

BintiYaMvita_Ksm:

Jamani nyinyi watu wa bara mwagundua leo? 😂 Mie mtoto wa Old Town Mombasa, nimeolewa huku Kisumu, nyimbo hizi tumekua nazo. Kijana wa Kondele, we watafuta mbali, lakini nenda kamsikize Juma Bhalo Allah amrehemu, ule mwendo wa sauti, tabla, harmoniamu, yote ni hiyo hiyo Bombay, ila imetiwa mashairi ya Kimvita. Na kabla yake kulikuwa na Yaseen Mohamed aliyekuwa akichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha maneno ya Kiswahili. Bibi zetu waliimba nyimbo hizo hawajui neno moja la Kihindi, na wakalia mahali pa kulia.

Mie nataka kusema juu ya filamu ya Baiju Bawra ya 1952, maana Fundi ameruka. Pale ndipo Rafi alipokuwa Rafi. Mna wimbo mle waitwa "Man tarpat hari darshan ko aaj", ni wimbo wa ibada ya Kihindu, mja amlilia Mungu wake amuone, umepigwa kwa raga (mpangilio wa noti wa kikale) iitwayo Malkauns, ambayo ni ya usiku mkuu. Sasa sikiza. Maneno yameandikwa na Shakeel Badayuni, Muislamu. Muziki ni wa Naushad, Muislamu. Na muimbaji ni Rafi, Muislamu, mtu wa swala tano. Na hii ni miaka mitano tu baada ya watu kuchinjana kwa dini! Mpaka leo mahekaluni wauimba. Mume wangu ni Msabato, nikiuweka hauzimi, nilipomuambia ni wa Kihindu akasema basi wacha uishe kwanza.

Na ule mwingine wa filamu hiyo hiyo, "O duniya ke rakhwale", apanda na sauti apanda mpaka wewe msikizaji washika koo lako. Kwetu walisema siku ile ya kurekodi alitema damu.

FundiRedio_Nax:

Dada hiyo ya damu iache tu, kila mtu anayeimba juu sana hupewa hiyo hadithi. Mimi kilicho nishangaza ni upande wa mitambo. Wakati huo hakuna kurekodi sauti leo na ngoma kesho. Mwimbaji na bendi nzima wako chumba kimoja, wapiga fidla, tabla, filimbi, wote pamoja, maikrofoni chache, na wimbo unachukuliwa kwa mkupuo mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mtu wa fidla akikohoa dakika ya nne mnarudi mwanzo. Kwa hivyo ile noti ya juu ya mwisho ameipiga baada ya kuimba wimbo wote bila kusimama, si kipande walichobandika.

JamaaWaKondele:

Wueh. Asanteni. Lakini hamjanijibu kwa hii ya sura. Kama ni mtu mmoja na koo moja, inawezekana aje yule wa mafuta ya kichwa asikike mlevi-mlevi hivi wa mtaani, na yule wa mlangoni asikike mtu amesoma na amechoka na dunia? Hizo muvi mbili si tofauti?

FundiRedio_Nax:

Hapo sasa ndio utakaa chini. Si muvi mbili, ni moja! Zote ziko kwa Pyaasa ya 1957. Mwenye mafuta ni Johnny Walker na wa mlangoni ni Guru Dutt, ambaye ndiye pia dairekta. Mtunzi S. D. Burman, sauti zote mbili Rafi. Watazamaji walikaa kwa kiti kimoja wakasikia koo moja ikitoka kwa watu wawili kwa saa mbili na hakuna aliyelalamika.

Siri yake ilikuwa ndogo. Kabla aimbe anauliza wimbo unaimbiwa nani. Akiambiwa Dilip Kumar anashusha sauti, anaweka pumzi ndani ya neno, kwa sababu Dilip anaongea chini chini. Akiambiwa Johnny Walker analegeza maneno na kuyatolea puani kidogo vile yule jamaa anaongea. Akiambiwa Shammi Kapoor, hapo anafungulia mlango. Shammi ndiye yule wako wa theluji, muvi ni Junglee ya 1961. Na nikuharibie kidogo, ile nduru yenyewe ya "Yahoo" si Rafi, ilipigwa na mtu anaitwa Prayag Raj, Rafi ameimba kinachofuata.

Shammi alikuwa anakuja studio siku ya kurekodi. Anamwambia Rafi hapa nitazungusha kichwa, hapa nitaanguka, hapa nitatupa mkono, na Rafi anaimba akiwa ameshaona huo mwili. Kwa Kashmir Ki Kali ya 1964 Shammi alitaka mstari mmoja wa mwisho urudiwe na urudiwe kila mara kwa njia ingine, mtunzi O. P. Nayyar akakataa akasema wimbo unakuwa mrefu, Rafi akaingilia akasema kama ekta ndiye atauigiza na ndiye anataka, wacha tumpe. Ukiangalia ile video utaona Shammi amesimama kwa mtumbwi anajipinda mpaka anatumbukia majini, na kila kujipinda sauti imeshamngoja hapo.

Na angalia mtu mwenyewe alivyokuwa. Hanywi, havuti, anaongea polepole mpaka lazima umsogelee, akimaliza kurekodi anaenda nyumbani kwa watoto. Huyo mtu ndiye anaimba walevi na wahuni wote wa Bombay.

OsiepKishore:

Sasa omera mimi nimevumilia nikasoma yote lakini hapa mnaongea ni kama India ilikuwa na mtu mmoja. Kishore Kumar je?? Huyo hakusomea muziki kwa ustadh yeyote, na alikuwa ekta na mwimbaji na kichaa pia, na 1969 ikitoka muvi ya Aradhana aliwafunga mdomo wote. Ekta Rajesh Khanna akawa nyota kwa koo ya Kishore, ule wa gari moshi na jeep na ule mwingine wa usiku mvua inanyesha, wakampa tuzo ya Filmfare, ile kubwa ya muvi za Kihindi. Rafi kwa muvi hiyo hiyo alibaki na nyimbo mbili za kuimba na wanawake. Miaka ya sabini yote Rajesh Khanna anaimbiwa na Kishore, ekta Amitabh anaimbiwa na Kishore. Baba yangu alikuwa dereva wa lori ya miwa Miwani, hao Wahindi wa huko walikuwa wanamchezea kaseti, yeye hakuwa anaelewa lugha lakini alisema huyu Rafi anaimba kama mtu anaomba ruhusa na Kishore anaimba kama mtu ako kwake.

FundiRedio_Nax:

Mzee wako alikuwa na masikio, siwezi kataa. Na ni kweli kuanzia 1969 Rafi alirudi nyuma miaka kadhaa, kazi ikapungua. Lakini umeruka vitu viwili. Mwaka 1958 kuna muvi Ragini, Kishore mwenyewe ndiye ekta, ikafika wimbo wa kikale "Man mora bawra", akaimbiwa na nani? Rafi. Yaani Kishore anafungua mdomo na inatoka sauti ya Rafi. Ya pili, 1977 Rafi alirudi na "Kya hua tera wada" wa Hum Kisise Kum Naheen, akachukua Filmfare na pia tuzo ya taifa mwaka huo, wakati Kishore ako juu kabisa.

Na mwaka huo huo kuna Amar Akbar Anthony, ndio ile ya nne ya Jamaa wa Kondele, kawali ya Rishi Kapoor. Muvi hiyo ni darasa. Ndugu watatu wamepoteana utotoni mmoja amelelewa Mhindu, mmoja Muislamu, mmoja Mkristo. Kuna wimbo wanaimba wote, Vinod Khanna amepewa sauti ya Mukesh, Amitabh amepewa Kishore, Rishi amepewa Rafi, na upande wa wasichana ni Lata. Hao wanne pamoja kwa wimbo mmoja hutapata mahali pengine. Mukesh alikuwa ameshafariki muvi ikitoka, alikufa Agosti 1976 akiwa Marekani kwa ziara.

BintiYaMvita_Ksm:

Na mkihesabu tuzo za Rafi hesabuni vizuri. Filmfare sita. Zile nne za kwanza, Chaudhvin Ka Chand, Sasural, Dosti na Suraj, zilikuwa za wakati tuzo ya uimbaji ni moja tu, wanaume na wanawake wote washindania hiyo hiyo. Kwa hivyo hakumshinda Mukesh peke yake, alimshinda Lata. Walikuja kuzigawanya baadaye mwisho wa miaka ya sitini. Na hata hiyo tuzo moja ilipatikana kwa sababu Lata alikataa kuimba kwenye sherehe yao akasema hamna tuzo ya waimbaji, mwataka niwaimbie ya nini. Huyo mwanamke alikuwa na msimamo!

NyatitiYaSiaya:

Na huo msimamo ndio unanileta hapa, maana swali la pesa mmelipita na mimi ndilo lilinifanya nifungue akaunti tena. Mimi ni mwanamuziki, mdogo tu, matanga na harusi, kwa hivyo nimelifuatilia.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini Lata alisema hivi. Produsa analipwa na kampuni ya santuri kila santuri ikiuzwa, mtunzi mkubwa anapewa asilimia tano, basi mwimbaji naye apewe kitu kwa hiyo. Akataka Rafi asimame naye, kwa sababu Rafi akisema ndio upande wa wanaume wote umesema ndio. Rafi akakataa. Yeye aliona ukishaingia studio, ukaimba, ukalipwa, mambo yamekwisha, wimbo ukianguka produsa ndiye anapata hasara na wewe hurudishi pesa, sasa ukipanda unarudi kudai nini. Wakakosana vibaya. Miaka kadhaa hawakuimba pamoja, yaani waimbaji wawili wakubwa wa nchi nzima, maprodusa wakabaki kuunganisha Rafi na Suman Kalyanpur, na Lata na Mahendra Kapoor. Walikuja kupatana kama 1967 hivi.

Sasa mimi naelewa Rafi alitoka wapi. Kwetu mpiga nyatiti akiwa matangani, mtu anasimamisha wimbo, anajisifu pakruok yake, anaweka pesa, wimbo unaendelea. Pesa iko hapo, jasho liko hapo, mmeachana mkiwa sawa, kesho hakuna anayemdai mwenzake. Hiyo ni heshima na mimi nimelelewa nayo. Lakini santuri si matanga. Santuri inaimba ukiwa umelala, inaimba ukiwa mgonjwa, inaimba ukiwa umezikwa, na kuna mtu anakusanya kila ikiimba. Wimbo wangu mmoja umechezwa kwa matatu za Bondo na Usenge mpaka mate ikawakauka, mimi nilipewa pesa ya siku moja studio na soda. Kwa hivyo mimi Rafi nampenda kwa sauti, kwa hili alikosea, na alikosea akiwa mtu ambaye neno lake moja lingebadilisha mambo ya wenzake wote walio chini.

BintiYaMvita_Ksm:

Kaka lakini usisahau alikuwa mtu wa namna gani na pesa. Mtunzi Nisar Bazmi hakuwa na kitu, Rafi akamuimbia kwa rupia moja. Wadogo wengi aliwaimbia bure. Hakuwa akitetea matajiri, ndivyo alivyoona halali yake inaishia wapi.

NyatitiYaSiaya:

Dada ndio maana nasema ni heshima. Lakini rupia moja ni zawadi ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, anaweza toa ama akatae. Lata alikuwa anataka kitu ambacho hata mwimbaji asiye na roho nzuri atakipata. India yenyewe ilibadilisha sheria ya hakimiliki mwaka 2012 na kuwapa waimbaji haki ya mrabaha, Rafi ameshakaa kaburini miaka 32. Huku kwetu sheria iko, wale wa kukusanya wako, kinachofika kwa simu yangu ni aibu kuandika.

OsiepKishore:

Hapo mko sawa wote wawili na mimi kwa mara ya kwanza leo sina neno.

JamaaWaKondele:

Kwa hivyo hakufa bilionea. Alikufa aje na lini? Na ni nyimbo ngapi aliimba, nimeona mahali wameandika 28,000.

BintiYaMvita_Ksm:

31 Julai 1980, usiku, moyo. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Miaka 55 tu, hata sitini hakugusa. Siku zile za mwisho alikuwa bado studio, wimbo wa mwisho aliwarekodia watunzi Laxmikant na Pyarelal kwa filamu ya Aas Paas. Siku ya maziko mvua ya Bombay ya Julai mwaijua, ilinyesha, na watu zaidi ya elfu kumi walitoka wakamsindikiza mpaka makaburi ya Juhu. Serikali ikatangaza siku mbili za maombolezo. Shammi Kapoor alikuwa safarini Vrindavan, akapata habari kutoka kwa mtu asiyemjua, aliyemuambia sauti yako imeondoka. Shammi alisimulia kwamba hakuelewa mara moja, sauti yangu vipi na mimi naongea hapa?

Kaburi lenyewe halipo tena. Mwaka 2010 makaburi yale yalijaa, wakaondoa ya zamani kupisha maiti wapya, lake likaenda pamoja na la Madhubala, yule nyota wa filamu. Wapenzi wake wakienda wasimama kwenye mnazi ulio karibu na pahala pale.

FundiRedio_Nax:

Hiyo 28,000 usiiweke kwa kibanda watu wakakucheka. Iko na historia. Miaka ya sabini kitabu cha Guinness kiliandika Lata ndiye amerekodi nyimbo nyingi zaidi duniani, 25,000 na zaidi. Rafi akaandika barua kupinga akasema yeye yuko na kama 28,000. Watu wawili wapole wakipigania namba ambayo hakuna aliyeihesabu. Baadaye watafiti wakakaa chini na orodha, muvi moja moja, wimbo mmoja mmoja, na ikatoka kwamba Rafi ako na kama elfu tano hivi, na Lata pia hayuko mbali na hapo. Guinness wakaondoa hiyo rekodi yao mwaka 1991. Elfu tano bado ni nyingi ajabu, kwa zaidi ya miaka 35 hiyo ni wimbo mpya kila baada ya siku mbili tatu bila likizo.

JamaaWaKondele:

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Basi niambieni nianzie wapi, mtu wa Mumias asiyejua neno, nisije nikachoka njiani.

BintiYaMvita_Ksm:

Anza na "Chaudhvin ka chand ho", taa zimezimwa. Mwanamume amuangalia mkewe amelala, amsifu kuwa ni mwezi wa usiku wa kumi na nne, yaani mwezi mpevu. Huhitaji lugha. Ukimaliza huo "Madhuban mein radhika nache re" wa Kohinoor ya 1960, hapo utamsikia mwanafunzi wa ustadh. Na ukiwa na dada anaolewa, "Babul ki duayen leti ja", baba amuaga bintiye. Ila huo usiuweke mbele ya wateja.

FundiRedio_Nax:

Na ukitafuta chagua rekodi yenyewe ya zamani. Ukiona jina la wimbo limeongezwa neno Jhankar, ruka. Hizo ni za kampuni za kaseti, walichukua rekodi za zamani wakalaza ngoma za mashine juu yake, tabla huisikii tena na Rafi anasikika ako chumba cha pili. Nusu ya zinazozunguka kwa kadi za watu ni hizo.

OsiepKishore:

Jhankar kwa matatu iko sawa kabisa, wacheni madharau 😂

FundiRedio_Nax:

Ndio maana masikio yenu watu wa Kisumu yameharibika. Omera nitumie hizo za Kishore za mzee wako kama bado ziko kwa kaseti, niko na deki inafanya kazi, nitakuhamishia bure.